Aliye Tumboni na Ambaye Hajazaliwa: Historia ya Neno "Unborn" katika Sheria na Tafsiri za Kiswahili, kutoka Mombasa hadi Dzaleka

IKISIRI

Makala haya yanafuatilia historia ya neno la Kiingereza "unborn" katika sheria zilizotumika, na zinazotumika, miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki na Malawi. Hoja kuu ni kwamba neno hilo moja limebeba dhana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: kiumbe kilichomo tumboni mwa mama, na watu wa baadaye ambao hata mimba zao hazijatungwa. Ushahidi umechukuliwa katika mashauri ya wakfu ya Zanzibar na Mombasa, kanuni za adhabu za mwaka 1930, katiba za Uganda, Kenya, Zambia na Malawi, na hali ya lugha katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mji wa Lilongwe. Makala yanahitimisha kwamba mfasiri hapaswi kutafuta neno moja la Kiswahili linalolingana na neno hilo, bali abaini kwanza ni dhana ipi inayokusudiwa, kwa kuwa uchaguzi wake unaweza kugeuza maana ya kosa, ya haki na ya ridhaa.

Istilahi muhimu: tafsiri ya sheria, mimba, wakfu, Kiswahili nchini Malawi, wakimbizi

1.0 Utangulizi

Kiswahili kimo katika kipindi cha kupokea sheria. Mwezi Agosti 2019, mkutano wa wakuu wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika uliofanyika Dar es Salaam ulikifanya kuwa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya hiyo, ambayo Malawi ni mwanachama wake. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yanayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi inayofuata maamuzi ya namna hii ni kubwa: matini yaliyoandikwa kwa Kiingereza kwa takriban karne nzima yanatakiwa yasomeke kwa Kiswahili bila kupoteza nguvu yake na bila kuongezewa nguvu ambayo hayakuwa nayo.

Katika kazi hiyo, maneno yanayoleta tabu si yale magumu peke yake. Istilahi ngumu humfanya mfasiri asimame, atafute, aulize. Neno jepesi humpita. "Unborn" ni neno jepesi la aina hiyo. Kila mwenye Kiingereza cha shule hulielewa, na karibu kila mfasiri huliandika "ambaye hajazaliwa" kisha akaendelea na sentensi inayofuata. Makala haya yanaonesha kwamba chini ya wepesi huo kuna historia ya mabishano ya mahakama, ya kodi ya nyumba na ya vifungo vya miaka mingi, na kwamba mabishano hayo yanawagusa leo wasemaji wa Kiswahili ambao hawakutarajiwa na waliotunga sheria hizo: wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaoishi nchini Malawi.

2.0 Neno na Maana Zake

2.1 Upande wa Kiingereza

"Unborn" ni neno la kale. Lilikuwamo katika Kiingereza cha Kale, na Kijerumani kina ndugu yake, "ungeboren". Umbo lake ni la kukanusha: kiambishi "un-" kimewekwa mbele ya kitenzi kishirikishi chenye maana ya "aliyezaliwa". Kiambishi hicho hakioneshi wakati wowote. Hakisemi kama kuzaliwa kunatarajiwa, kama kumechelewa, au kama hakutatokea kamwe. Kwa sababu hiyo neno limetumika kwa mtoto atakayezaliwa kesho asubuhi, kwa vizazi vya karne zijazo, na hata kwa mataifa ambayo bado hayajaundwa.

Jambo la pili ni kwamba Kiingereza hukigeuza kivumishi hicho kuwa nomino ya jumla kwa kukitanguliza kibainishi tu. Matokeo yake ni kundi la watu, mithili ya "maskini" au "wagonjwa", lenye masilahi na hata wasemaji wake. Matumizi haya yalipata nguvu ya kisiasa nchini Marekani baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba. Mwaka 2004 neno hilo liliingia katika jina la sheria ya shirikisho inayohusu wahanga wa ukatili walio tumboni. Vijitabu vya kampeni na mafunzo vinavyoletwa Afrika Mashariki kutoka huko huja na matumizi hayo, ambayo si yale ya wanasheria wa kikoloni.

2.2 Upande wa Kiswahili

Kiswahili hakina kiambishi kimoja cha kukanusha kinachofanya kazi hiyo yote. Msemaji hulazimika kuchagua, na kila uchaguzi una maana yake:

(a) Hajazaliwa: kuzaliwa hakujatokea, lakini kunangojewa.
(b) Hakuzaliwa: kuzaliwa hakukutokea, na habari imekwisha.
(c) Asiyezaliwa: kuzaliwa si sifa yake, kauli haina wakati.
(d) Atakayezaliwa: kuzaliwa kunatazamwa mbele, pengine mbali sana.
(e) Aliye tumboni: kuzaliwa hakutajwi kabisa, kinachotajwa ni mahali alipo sasa.

Umbo la (a) ndilo lenye uzito zaidi kwa mada hii. Kiambishi "-ja-" katika ukanushi hakikanushi tu, hutangaza matarajio. Anayesema kuwa mgeni hajafika amekwisha kukiri kwamba yuko mgeni anayesubiriwa. Vivyo hivyo, anayesema "mtoto ambaye hajazaliwa" amekwisha kukubali mambo mawili kabla ya hoja yoyote kutolewa: kwamba yupo mtoto, na kwamba atazaliwa. Neno la Kiingereza halilazimishi ukiri wa pili. Tafsiri inaulazimisha.

Hapa sarufi ina mtego mwingine. Kiambishi "-ja-" hakikubali kirejeshi ndani ya kitenzi, hivyo msemaji hulazimika kutumia "ambaye hajazaliwa", ambalo ni refu. Anayetaka ufupi, hasa katika vichwa vya habari na mabango, hukimbilia umbo la (c) na kuandika "watoto wasiozaliwa". Kisarufi umbo hilo ni sahihi, ila limeondoa matarajio na kuacha ukanushi mtupu. Ni kauli inayowafaa wale ambao hawatazaliwa kamwe kuliko wale wanaongojewa.

Zaidi ya vitenzi, kuna ngeli. Lugha ya kila siku ya pwani na bara huizungumzia hali hii hasa kwa neno "mimba", lililo katika ngeli ya vitu: mimba hutungwa, hubebwa, hutoka, huharibika, hutolewa. Istilahi za kitabibu, "kiinitete" na "kijusi", zimo katika ngeli ya KI-VI. Ni pale tu panapotumika neno "mtoto" ndipo upatanisho unapoingia katika ngeli ya watu. "Mimba imeharibika" na "mtoto amefia tumboni" huweza kueleza tukio moja, lakini sentensi ya kwanza haina marehemu, na ya pili inaye. Katika mazungumzo ya kawaida wasemaji huvuka mpaka huu kwa hisia na kwa adabu, wakizingatia umri wa mimba, huzuni ya mama na aliyepo mbele yao. Matini ya sheria haina nafasi ya kuvuka na kurudi. Ikishachagua ngeli, imechagua hadhi.

2.3 Lugha jirani

Lugha nyingine zinazosikika Dzaleka zina utengano unaofanana na huu. Kinyarwanda na Kirundi huwa na umbo la "bado" ndani ya kitenzi, kama katika "utaravuka", yaani ambaye hajazaliwa. Chichewa kina "asanabadwe", kabla hajazaliwa, na pia "wosabadwa", ambalo kama "asiyezaliwa" halina wakati. Kifaransa, lugha ya sheria ya Kongo, husema "enfant à naître", yaani mtoto wa kuzaliwa baadaye, na hivyo hutazama mbele badala ya kukanusha. Katika mkutano huu wa lugha, Kiingereza ndicho kinachotofautiana na zote, na ndicho kinachoandika sheria.

3.0 Wakfu na Wajukuu wa Baadaye

Mgogoro wa kwanza mkubwa wa mahakama za Afrika Mashariki kuhusu watu ambao hawajazaliwa haukuhusu mimba hata kidogo. Ulihusu nyumba na mashamba.

Katika fiqhi ya Kiislamu, hadhi ya aliye tumboni na hadhi ya vizazi vijavyo zimepangwa katika milango tofauti. Katika mirathi, mtu akifa na kumwacha mke mjamzito, fungu la kiumbe kilichomo tumboni huwekwa akiba hadi azaliwe. Akizaliwa hai hurithi, akizaliwa mfu fungu hurudi kwa warithi wengine. Katika wakfu, madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, huhitaji awepo mnufaika wa kwanza aliye hai wakati wakfu unapowekwa, lakini huruhusu vizazi visivyokuwapo kumfuatia, kizazi baada ya kizazi. Kwa njia hiyo familia nyingi za Mombasa, Lamu na Zanzibar ziliweka mali zao ziwanufaishe watoto, wajukuu na watakaofuata, na mwishowe maskini au kazi ya dini iwapo ukoo ungekatika.

Sheria ya Uingereza nayo ilikuwa na kawaida yake kuhusu "unborn", iliyojengwa kutokana na shauri la Duke wa Norfolk la mwaka 1682. Kwa kawaida hiyo mali haikuweza kufungwa kwa ajili ya watu wa baadaye kupita muda wa uhai wa mtu aliyepo na miaka 21 zaidi. Aliye tumboni alihesabiwa kuwa amekwisha kuzaliwa pale ambapo jambo hilo lilimfaa, kwa kufuata msingi wa sheria ya Kirumi. Kwa hiyo hata Waingereza, chini ya neno lao moja, waliwatenga wawili hawa: aliye tumboni aliingizwa kundi la walio hai, na mjukuu wa baadaye aliwekewa mpaka.

Mwaka 1894, Baraza la Faragha mjini London liliamua shauri la Abul Fata kutoka India na kubatilisha wakfu wa familia kwa hoja kwamba fungu la maskini lilikuwa mbali mno na la jina tu. Waislamu wa India walilalamika, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuhalalisha wakfu hizo, iliyosimamiwa barazani na Muhammad Ali Jinnah. Sheria hiyo haikufika Afrika Mashariki. Uamuzi wa 1894 ulifika. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliufuata katika shauri la Zanzibar la mwaka 1946, na Baraza la Faragha likauthibitisha kwa Kenya katika shauri la Bakhshuwen la Mombasa, lililochapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 1952. Watunga sheria walilazimika kuingilia kati: Zanzibar kwa amri ya mwaka 1946 ya kuhalalisha wakfu, na Kenya kwa sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951.

Funzo la mashauri haya kwa mfasiri liko wazi. Wasiozaliwa waliobishaniwa hapa hawakuwa tumboni mwa yeyote. Kuwaita "watoto ambao hawajazaliwa" katika makala ya leo ya Kiswahili ni kumfanya msomaji afikirie wajawazito, ilhali suala lilikuwa watu wa miaka hamsini au mia ijayo. Waandishi wa hati za wakfu waliotumia lugha ya uzao na vizazi, kizazi baada ya kizazi, walisema sawasawa.

4.0 Kanuni za Adhabu za Mwaka 1930

Mwaka 1930 ni mwaka wenye matukio mawili yanayostahili kuwekwa pamoja. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha lugha. Katika mwaka huohuo kanuni za adhabu zenye asili moja zilianza kutumika Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Asili yake ni kanuni iliyoandikwa na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, mwaka 1899, iliyopitia Nigeria kabla ya kufika huku. Kamati ya lugha na watunga kanuni hawakukutana: Kiswahili kilisanifishwa kwa shule na vitabu, na sheria ikabaki kwa Kiingereza.

Ndani ya kanuni hizo mna dhana tatu tofauti, na ni vema zitazamwe moja moja. Ya kwanza ni kosa la kusababisha mimba itoke. Katika Kanuni ya Adhabu ya Malawi limo katika vifungu vya 149 hadi 151: kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemfanyia mwanamke kitendo hicho, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Vifungu hivi vimefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, na neno "unborn" halimo. Tena, anayemfanyia mwanamke kitendo hicho kwa nia hiyo ana kosa hata ikiwa mwanamke hakuwa na mimba. Sheria inayoadhibu kitendo ilhali tumboni hamna kitu haiwezi kusemwa kuwa imejengwa juu ya mtoto.

Ya pili ni kosa la kumuua "unborn child". Hili linahusu wakati ambapo mwanamke anakaribia kujifungua, na mtu akazuia mtoto asizaliwe hai. Ya tatu ni kinga ya daktari, ambayo kwa Malawi imo katika kifungu cha 243: hana hatia anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu wa kutosha, hata kwa "unborn child", kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama. Juu ya yote haya, kanuni hizo zinaeleza kwamba mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa kwa maana ya sheria pale anapokuwa ametoka kamili tumboni mwa mama yake akiwa hai.

Kwa hiyo kanuni iliyomtaja ambaye hajazaliwa ndiyo hiyohiyo iliyosema kuwa utu wa kisheria huanza kwa kuzaliwa. Hakuna mgongano hapo, kwa sababu kila kifungu kilichagua neno lake. Mgongano huingia katika tafsiri. Mfasiri akiandika "kuua mtoto ambaye hajazaliwa" kwa vifungu vyote, amelihamisha kosa la saa ya kujifungua hadi wiki za mwanzo za mimba. Akiandika "kutoa mimba" kwa vyote, amelifuta kosa la pili na kuipunguza kinga ya daktari. Tanzania, inayokabiliwa na kazi ya kuziweka sheria zake katika Kiswahili, inakutana na uchaguzi huu katika kanuni yake yenye asili hiyohiyo.

5.0 Katiba na Mikataba

Katiba zilizoandikwa mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa karne ya 21 zilileta lugha mpya. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 22, inakataza kukatisha uhai wa "unborn child" isipokuwa kama sheria inavyoruhusu. Zambia, jirani wa Malawi, ilikuwa na ibara inayofanana na hiyo katika katiba yake ya mwaka 1991, ingawa tangu 1972 ilikuwa na sheria inayoruhusu kukatisha mimba kwa masharti. Kenya ilikwenda mbali zaidi bila kutumia neno hilo. Kamati ya bunge iliyokutana Naivasha Januari 2010 iliingiza kauli kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Baadaye yakaongezwa masharti yanayoruhusu utoaji mimba iwapo mtaalamu wa afya ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Katiba hiyo ilipigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010, na suala hili lilikuwa miongoni mwa sababu za viongozi wengi wa makanisa kuipinga.

Mikataba ya kimataifa imekuwa na hadhari zaidi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja katika dibaji yake ulinzi kabla na baada ya kuzaliwa, lakini ibara yake ya kwanza, inayoeleza mtoto ni nani, haisemi utoto unaanza lini. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake wa Afrika inatumia neno la kitabibu lenye maana ya kijusi, na inaruhusu mimba kutolewa kitabibu katika hali zilizotajwa, zikiwemo ubakaji na hatari kwa afya ya mama. Malawi iliridhia Itifaki hiyo mwaka 2005. Kenya na Uganda ziliridhia mwaka 2010 huku zikiweka pingamizi dhidi ya aya hiyo. Kongo iliichapisha katika gazeti lake rasmi mwaka 2018.

Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 haina ibara kuhusu mwanzo wa uhai. Hata hivyo, kifungu chake cha 13 kinaitaka serikali itambue haki za vizazi vijavyo katika kulinda mazingira. Hapa Kiingereza chenyewe kimeliacha neno "unborn" na kutumia kauli inayolingana kabisa na "vizazi vijavyo" vya Kiswahili. Ni mfano mzuri wa matini ambayo, kwa kuchagua neno linalofaa, haimpi mfasiri kazi ya kubahatisha.

Tume ya Sheria ya Malawi ilipendekeza mwaka 2015 kwamba utoaji mimba uruhusiwe pia pale afya ya mwili au ya akili ya mwanamke inapokuwa hatarini, kijusi kinapokuwa na kasoro kubwa, na mimba inapotokana na ubakaji au zinaa ya maharimu. Mwaka 2021 hoja ya kuufikisha mswada huo katika mjadala wa bunge iliondolewa. Vifungu vya mwaka 1930 viliendelea kusimama.

6.0 Dzaleka na Lilongwe

Dzaleka iko wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mwendo wa kilomita zipatazo 50. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, na sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani na misikitini. Wapo pia waliowahi kuishi na kufanya biashara mjini Lilongwe, hadi agizo la serikali la mwaka 2023 lilipowataka wakimbizi warudi kambini.

Katika mazingira haya mama mjamzito hupita katika lugha nne. Hueleza hali yake kwa Kiswahili cha Kivu au Katanga, akisema "mtoto wa mu tumbo". Muuguzi, awe wa kituo cha afya cha kambi au cha mjini kama kile cha Area 18, huzungumza Chichewa. Fomu imeandikwa kwa Kiingereza. Na ikiwa mama ana elimu ya kwao, dhana za sheria alizonazo ni za Kifaransa na za Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, inayompa mtu haki za kiraia tangu mimba kutungwa kwa sharti azaliwe hai.

Neno la kwanza la hatari ni lile linaloonekana kuwa la wote. Katika Chichewa, "mimba" ni ujauzito, lakini pia ni tumbo la kawaida. Kuhara huitwa "kutsegula m'mimba", ambapo "kutsegula" ni kufungua. Mgeni mwenye Kiswahili akisikia kauli hiyo katika chumba cha uzazi anaweza kudhani kwamba linatajwa jambo la mimba yake, ilhali anaulizwa habari za tumbo tu. Mfanano wa maneno kati ya lugha ndugu ni baraka sokoni. Hospitalini unahitaji mkalimani.

Hatari ya pili ni ya kisheria. Mwanamke aliyebakwa njiani au kambini akitaka ushauri, mkalimani atamfasiria sheria ya Malawi. Akimwambia kwamba sheria inakataza "kuua mtoto ambaye hajazaliwa", atakuwa ametaja kosa ambalo vifungu vya 149 hadi 151 havilitaji kwa maneno hayo, na ameacha kinga ya kifungu cha 243. Akimwambia kwamba sheria inakataza "kutoa mimba" isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama, atakuwa ameikaribia Kanuni ya Adhabu ilivyo. Sheria haikubadilika kati ya kauli hizo mbili, na ni kali katika zote. Lakini katika ya kwanza mwanamke ametoka chumbani akijiona mtuhumiwa wa mauaji, na pengine asirudi hata akianza kutokwa na damu.

Hatari ya tatu ni ya uandikishaji. Katika daftari la kaya la wakimbizi mtoto huongezwa baada ya kuzaliwa; kabla ya hapo yupo kupitia mama yake, katika huduma na lishe ya wajawazito. Fomu ikiuliza idadi ya watoto, na swali likafasiriwa kwa namna inayomjumuisha "mtoto ambaye hajazaliwa", jibu la kweli la mama linaweza kusomwa baadaye kuwa ni udanganyifu. Akizaliwa, mtoto huyo ana haki ya kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili ya Taifa ya mwaka 2010. Uraia ni jambo jingine: kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1966, kuzaliwa katika ardhi ya Malawi hakutoshi ikiwa hakuna mzazi aliye raia. Kwa mtoto wa wazazi wakimbizi, basi, kuzaliwa humtoa tumboni na kumwingiza katika daftari, lakini hakumfanyi raia. Kiswahili husema "mzaliwa wa Dowa" kwa maana ya asili ya mtu. Sheria hailitambui neno hilo, na mkalimani asiyetenga "mzaliwa" na "raia kwa kuzaliwa" humpa mzazi tumaini ambalo ofisi ya uhamiaji italikataa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonesha kwamba "unborn" halikuwa na maana moja katika sheria zilizotawala eneo hili. Katika mashauri ya wakfu lilihusu vizazi vya mbali. Katika kanuni za adhabu, mtoto aliyefika wakati wa kuzaliwa na mgonjwa wa upasuaji. Katika katiba ya Uganda na ile ya Zambia ya 1991, mimba kwa jumla. Katika kampeni za kisasa, kundi la watu wenye madai. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa maana zote hizi. Kinachokosekana ni desturi ya kuyagawa.

Kwa hiyo yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, vyombo vya istilahi, likiwemo Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, visikubali kisawe kimoja cha neno hili, bali viorodheshe angalau vitatu: "aliye tumboni" kwa mtoto wa mirathi na wa upasuaji, "mimba" au "kijusi" kwa sheria na huduma za ujauzito, na "vizazi vijavyo" au "watakaozaliwa" kwa wakfu na mazingira. Pili, "mtoto ambaye hajazaliwa" litumike pale tu sheria yenyewe ilipotumia neno "mtoto", na "asiyezaliwa" liepukwe katika matini rasmi. Tatu, wakalimani wa vituo vya afya na ofisi za wakimbizi wanaohudumia Dzaleka wapewe orodha fupi ya maneno ya uzazi katika Kiswahili, Chichewa na Kinyarwanda, ikianza na maneno yanayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa maana, kama "mimba". Nne, washauri wa sera wanaoandaa miswada kwa Kiingereza waandike tangu mwanzo kama wanamkusudia aliye tumboni au wa vizazi vya baadaye. Utata unaoachwa katika mswada huishia mikononi mwa mkalimani, mtu asiyekabidhiwa mamlaka ya kutunga sheria.

Mapendekezo haya hayamalizi mabishano kuhusu hadhi ya kiumbe kilichomo tumboni. Mabishano hayo ni ya dini, ya falsafa na ya siasa, na kila taifa litayaamua kwa njia zake. Kazi ya lugha ni ndogo kuliko hiyo, na ni ya lazima: kuhakikisha kwamba yasiamuliwe kimyakimya ndani ya tafsiri, na kwamba mwanamke aliyeketi mbele ya meza ya ofisi, akisikiliza sheria ya nchi ya ugenini kwa lugha yake, anaisikia sheria hiyo kama ilivyo.